Kama Ilivyotoka Kiwandani

14 Januari

Mkwe wangu,

Sisi huku tupo. Mama yako mkwe anashona nguo za watu, mimi nakaa kibarazani nakosoa namna majirani wanavyoegesha magari, basi siku inaisha.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Maisha yangu yote nimeyamalizia juu ya nguzo nikitengeneza simu ili watu waelewane, na leo wakinipigia mimi nasikia mvumo tu kama wa nyuki. Mama yako akinisikilizia ananifupishia. Mtu anaongea mpaka salio linakata, yeye ananigeukia: "Anakusalimu."

Tangu tumzike Chiriku sijashika kalamu. Naanza na wewe, kwa kuwa ulikuwa mume wake na mimi nilikuwa baba yake, na sioni nani mwingine wa kumwandikia.

Dereva wa lori la mbao atakushushia fremu moja, matairi, na makreti ya vyuma. Usishtuke. Ni Kikohozi, ile pikipiki yangu ya Kiingereza iliyokuwa imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, ambayo siku ya kwanza Chiriku alipokuleta kwetu uliiegemea ukidhani ni tangi la maji. Ofisi ya simu iliiagiza nikiwa kijana mdogo, na mimi ndiye niliyeifungua kwenye kreti lake. Nilifuata nayo nyaya porini mpaka ofisi ilipoleta magari ikaniuzia mwenyewe. Baada ya hapo niliitengeneza nilivyojua mimi, na ninavyojua mimi si lazima iwe sawa.

Naomba uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Sisemi iwe nzuri. Nzuri hata mpiga rangi wa mtaani ataifanya. Nataka iwe sahihi. Kilichokuwepo kiwepo, kilichoongezwa kitoke. Kazi yako ni kuwaambia wauza nyama kwamba kilo si kilo mpaka iwe kilo, ndiyo maana sikumpa mtu mwingine.

Usiharakishe. Nafasi najua sasa unayo ya kutosha. Nisamehe, hapo nimeandika vibaya. Nina maana ya sebule.

Baba mkwe wako

*

6 Februari

Baba, shikamoo. Naomba unifikishie shikamoo kwa mama.

Mzigo umefika. Kreti moja lilikuwa limepasuka lakini hakuna kilichopotea. Nimetoa meza ya kulia chakula nikaiweka ukumbini, na pikipiki iko sebuleni juu ya magazeti. Jirani wa juu alichungulia akaniuliza kama nafungua gereji. Nikamwambia hapana.

Hali yake ni hii. Injini imeshikana, pistoni haisogei. Nimeijaza mafuta kwenye tundu la plagi, naiacha inywe. Tangi lina kutu ndani. Madigadi ya nyuma imetoboka. Nyaya za umeme umezibadilisha mara nyingi, na kwa heshima zote, nyingine ni nyaya za simu.

Spana zangu haziingii. Za milimita zinakula kona za nati, za inchi zinacheza. Kama bado una zile za Kiingereza zilizokuja nayo, naomba unitumie.

Nimesoma namba ya injini na namba ya fremu, zikafutika tena kwa vumbi, nikazisoma upya. Nimeziandika kwenye barua kwenda kwa chama cha wenye pikipiki za aina hii huko Uingereza. Wana vitabu vya kiwanda. Nimewauliza rangi yake, taa yake, kiti chake na kila kilichofungwa siku ilipotoka. Wewe unakumbuka rangi gani? Hapa ni kijani, lakini chini ya kijani kuna nyekundu, na chini ya nyekundu bado sijafika.

Kazini hakuna jipya. Wenzangu wakiniona naingia wanapunguza sauti. Ningependa waendelee kuongea, ila sijui namna ya kuwaambia.

Nyumbani ni salama.

Mkweo

*

25 Februari

Mkwe wangu,

Spana nimempa dereva, zimefungwa kwenye soksi. Soksi ibaki nayo huko, nyingine ilishapotea.

Chini ya nyekundu utakuta nyeusi. Ilikuja nyeusi tii, tangi la rangi ya fedha. Nilipoifungua ilinuka grisi na msonobari wa kreti. Bosi wetu aliizunguka, akasema yeyote atakayeiangusha atailipa mpaka kaburini. Niliiangusha wiki hiyo hiyo. Hakujua. Mkunjo mdogo uko chini ya tangi, upande wa kushoto, ukiupapasa utaukuta. Huo mkunjo utoe pia, haukutoka kiwandani.

Kwenye magneto, ile inayotoa cheche za kuwashia injini, uwe mpole. Ina hasira za kizee. Usiisafishe kwa petroli, na usiruhusu mtu yeyote akuambie uweke betri na koili ya kisasa. Ikianza kukohoa usiogope, jina lake halikutoka hewani. Chiriku alikuwa akiisikia inakohoa akiwa shuleni, anaanza kufunga vitabu kabla kengele haijalia. Mwalimu wake alinilalamikia.

Nyaya za simu ni bora kuliko hizo zenu, lakini zitoe.

Kiti chake cha kwanza, kile cha mtu mmoja chenye springi mbili, ninacho stoo. Nilikihifadhi. Ukifika hatua ya kiti niambie.

Baba mkwe wako

*

19 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa nangoja jibu la Uingereza. Limekuja. Anayetunza kumbukumbu ni mzee kama wewe, mwandiko wake unatetemeka. Anasema pikipiki hii ilitoka nyeusi na tangi la fedha, kama ulivyosema. Kiti cha mtu mmoja. Kabureta ile ile. Taa ya mbele ni nyingine, ya kwetu ni kubwa zaidi. Usukani pia si wenyewe, wa kiwandani ulikuwa umelala kidogo.

Pistoni imeachia. Niliigonga na gogo la mti laini kila nilipotoka kazini, ikasogea kidogo kidogo, na siku moja ikashuka yenyewe. Silinda inahitaji kuchongwa, nimempata mtu. Mkunjo wa tangi nimeuona. Umetoka.

Sasa nina swali. Pande zote mbili za fremu, juu ya vikanyagio vya nyuma, kuna vipande viwili vya chuma vimechomelewa. Vimekaa juu mno kwa mguu wa mtu. Ukikaa kiti cha nyuma na kuweka miguu pale, magoti yanagusa kifua. Uchomeleaji wenyewe si mbaya, lakini si wa kiwanda. Mzee wa Uingereza nimempelekea picha, anasema hajawahi kuviona. Vilikuwa vya kubebea vifaa? Nivikate au vina kazi?

Umeniuliza kupitia dereva kama naendelea vizuri. Sijambo. Sijisikii vibaya. Naamka, naenda sokoni kukagua mizani, narudi, nafanya kazi ya pikipiki. Nalala hapa hapa sebuleni kwa sababu zana ziko karibu. Kama kuna ninachojisikia, basi hakijafika bado.

Mkweo

*

2 Mei

Mkwe wangu,

Ni vya Chiriku. Miguu yake haikufika kwenye vikanyagio, nikaogopa itaingia kwenye spoki za gurudumu. Nilivichomelea alipoanza darasa la kwanza. Alipokua alikataa nivitoe.

Vikate. Ndivyo tulivyokubaliana, kilichoongezwa kitoke.

Baba mkwe wako

*

30 Juni

Baba, shikamoo.

Nimevikata. Nilitumia msumeno wa mkono kwa sababu mashine ingechoma fremu. Kisha nikapiga tupa, kisha msasa, mpaka kidole hakioni tena palipokuwa na kitu. Fremu imepigwa rangi. Ni nyeusi. Silinda imerudi, gasketi nimekata mwenyewe. Taa ya mbele nimeipata kwa fundi mmoja wa vyombo vya zamani, ilikuwa inatumika kama bakuli la misumari. Usukani nimeupata pia. Tangi limepigwa fedha, na mstari mwembamba wa pembeni ameuchora mwandika mabango, mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Wakati nakata vile vyuma nilikuwa nangoja nijisikie kitu. Sikujisikia. Niliona tu kwamba meno ya msumeno yanaelekea kuisha.

Sasa naomba nikuambie jambo, na kama ni utovu wa adabu unisamehe. Siku ya mazishi sikulia. Niliona unaniangalia. Ndugu zako wengine pia waliniangalia, na shangazi yake mmoja alisema kwa sauti kwamba wanaume wengine wamezaliwa na jiwe. Hospitalini pia sikulia. Mwenzangu aliumwa siku chache, nikawa nauliza maswali ya vipimo, namba gani ni kawaida na namba gani si kawaida, mpaka alipofariki bado nilikuwa na karatasi ya namba mkononi. Uliponiambia nivikate vile vyuma, nilielewa kwamba unataka kila alama yake itoke kwenye mikono yangu. Sina kinyongo. Ningekuwa wewe, pengine nisingenipa hata nati moja.

Kimebaki kiti peke yake. Ukikituma nitakifunga, nitaiwasha, nitaipakia kwenye lori irudi kwako, na sitakusumbua tena na barua.

Mkweo

*

21 Julai

Mkwe wangu,

Nimefurahi kusikia habari ya mstari. Mstari ukipinda pikipiki nzima inaonekana imelewa.

Kuhusu kiti, kuna shida kidogo. Ufunguo wa stoo umepotea. Mama yako anasema nimeuweka mahali, lakini mahali penyewe hapajui. Tukiupata, inabidi kwanza tuwatoe panya. Na dereva wa lori mgongo unamsumbua, sipendi kumpa vitu vizito.

Kwa hiyo usiharakishe. Kagua tena gurudumu la mbele, nakumbuka lilikuwa linayumba ukifika kwenye kona. Kagua klachi. Na bomba la moshi, je, una uhakika linapinda kama la kiwandani? Mwandikie yule mzee wa Uingereza umuulize. Mtu kama yule akikosa barua anaweza kudhani watu wote wamekufa.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Baba mkwe wako

*

24 Julai

Mwanangu,

Nakuandikia mimi, mama yako mkwe, na baba yako hajui. Nimemwambia naandika orodha ya vifungo.

Kiti hakiko stoo. Kiko chini ya kitanda chetu, kimefungwa shuka langu jema, na kila nikifagia nakigonga na ufagio. Springi zake amezipaka mafuta. Stoo yetu haina mlango, sembuse ufunguo.

Barua zako hunisomea yeye mwenyewe kwa sauti ya kumtosha jirani. Lakini hii ya mwisho aliisoma kimya, akaikunja, akatoka nje, akaenda kukaa pale ilipokuwa pikipiki. Nikaitoa mfukoni mwake alipokuwa anaoga. Ndiyo maana najua.

Sasa nisikilize. Tuliporudi kutoka kumzika mwanetu, watu walisema waliyosema juu yako. Baba yako alikuwa amekaa kitandani anavua viatu. Akaniambia, "Yule kijana amekuwa kama mimi." Yeye naye hajalia. Umewahi kumuona analia? Alimshukuru kila aliyekuja, akawarekebishia taa ya nje. Baada ya hapo akawa hasemi. Siku moja nikamkuta anaifungua pikipiki nati baada ya nati. Ilikuwa nzima, mwanangu. Ilikuwa inatembea, labda kikohozi tu. Injini ilikuja kushika kutu ndani ya makreti kwa sababu aliiacha mvuani akifikiria. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nampelekea mkwe wangu kazi ndefu. Akiwa na kazi ndefu ataniandikia."

Siku aliyokuandikia uvikate vile vyuma, hakugusa chakula. Nilimuuliza kwa nini asiseme viachwe. Alisema akianza kuacha kimoja ataacha vyote, na mambo ya kuacha yeye hayawezi. Sikumwelewa na sidhani alijielewa.

Hamkujaliwa mtoto. Kungekuwa na mjukuu, tungekuja kumwona yeye na kukuona wewe humo humo, hakuna ambaye angeuliza. Sasa watu wananiuliza, "Yule mkwe wenu, bado ni mkwe?" Mimi nawajibu kwa kuendelea kushona. Sijui jibu, kwa sababu ni wewe wa kulitoa. Wewe bado kijana. Ukioa tena sitakuwa na neno, nitakushonea shati. Lakini usituambie kwamba hutatusumbua. Tusumbue.

Na vile vyuma, kama hujavitupa, usivitupe.

Nguo zake nitakuja kukusaidia siku utakayosema. Usiposema sitakuja.

Mama

*

15 Agosti

Baba, shikamoo.

Gurudumu la mbele nimelikagua. Linayumba kidogo, kama ulivyokumbuka. Kuhusu bomba la moshi nimemwandikia mzee wa Uingereza.

Kiti usikitume kwa lori. Barabara ina mashimo na springi zitakwaruzana. Naomba ukilete mwenyewe ufunguo ukipatikana. Tena sijawahi kuiwasha pikipiki hii, na nimesikia kiki yake inarudisha teke. Ni vizuri uwepo.

Chumba cha kulala kipo, hakitumiki.

Mkweo

*

9 Septemba

Mama, shikamoo.

Baba alifika salama. Najua ulimpigia dereva, lakini dereva ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo nakuandikia mwenyewe.

Alishuka na kiti mikononi, ndani ya shuka lako. Aliizunguka pikipiki sebuleni. Alipapasa chini ya tangi, upande wa kushoto. Alipapasa fremu pale nilipokata. Kisha akaomba maji.

Tulifunga kiti pamoja. Mimi nilishika, yeye akakaza nati. Tukaisukuma mpaka uani, akaniambia namna ya kuvuta kishikio kabla ya kupiga kiki, na kwamba nisikaze goti. Mara ya kwanza haikusema. Mara ya pili ikanirusha. Baadaye ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Jirani wa juu alifungua dirisha akapiga makofi. Baba aliweka kiganja kwenye tangi, nadhani kwa kuwa sauti haisikii vizuri, akakaa hivyo mpaka nikahofia ataungua na injini.

"Ndiyo yenyewe?" nikamuuliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Unajisikiaje?"

Akafikiri. "Nilidhani nikiiona hivi nitajisikia kama siku ile ya kreti. Sikuwa na mke, sikuwa na mtoto, sikuwa na cha kupoteza. Nilitaka nikae ndani ya siku hiyo kidogo." Akaizima. "Lakini ni pikipiki tu."

Hakuipanda. Nilimwambia aende hata mpaka kona, akasema kiti ni cha mtu mmoja, na yeye hakuja hapa kuniacha nimesimama. Tukairudisha ndani.

Sasa naomba nikuambie kilichotokea kabla hujakisikia kwake. Alikwenda kunawa. Mikono ilikuwa na oili. Nyuma ya mlango wa bafu kuna taulo la njano, lilikuwa la mwenzangu, liko pale pale alipolitundika. Mimi natumia jingine. Alitoka anafuta mikono kwa lile la njano, kidole kimoja kimoja, anaongea habari za klachi.

Mama, nilimfokea. Nilimwambia, "Hilo ni la Chiriku. Unafuta oili kwenye taulo la Chiriku. Huna macho?" Nilimwambia baba mkwe wangu kwamba hana macho, na sauti niliyotumia sijawahi kuitumia hata kwa muuza nyama mwizi. Nilidhani atachukua kofia yake aondoke, na angekuwa na haki.

Aliniangalia mdomo, maana ndivyo anavyosikia siku hizi.

"Sema tena," akasema. "Sijakusikia vizuri."

Nikasema tena. Yote, mpaka hilo la macho.

"Tena," akasema.

Mara ya tatu sauti haikutoka. Alikaa sakafuni karibu na mlango, na mimi nikakaa, kati yetu lile taulo. Alikuwa anatoa mlio fulani mdogo, kama mtu anayebeba kitu kizito juu ya ngazi. Mimi sijui nilikuwa natoa mlio gani. Jirani wa juu alikuja akagonga, akasikiliza, akaondoka.

Vile vyuma ulivyoulizia sikuvitupa. Viko dirishani jikoni. Baba ameviona, amevipanga vizuri zaidi. Anasema atakaa mpaka mzee wa Uingereza ajibu kuhusu bomba la moshi. Analala chumbani, anakoroma. Nguo bado ziko kabatini. Njoo, mama, siku yoyote wiki hii. Nimesema.

Jioni ile tuliloweka taulo kwenye beseni. Alianza yeye kusugua, akachoka, nikapokea, nikachoka, akapokea. Tulijaribu sabuni ya unga, tukajaribu ya mche, tukajaribu mafuta ya taa ambayo yeye aliapa kwamba yanatoa kila kitu. Doa halikutoka. Tumelianika hivyo hivyo.

Mkwe wenu